Bahari ya Damu, Sehemu ya Pili

Fundi Vioo aliishi maisha yake yote nyuma ya vitu. Wenzake walitazama televisheni kwa mbele, yeye aliijua kwa mgongo: vumbi lake, nyaya zake, mende waliofia humo kwa kupenda joto. Ukimwuliza habari za mechi kubwa iliyochezwa miaka thelathini iliyopita, atakwambia sauti ya mtangazaji ilikwaruza kwa sababu spika ilikuwa imechanika. Nani alifunga, hajui. Jina la Vioo alipewa kwa ajili ya vioo vya televisheni, na pia kwa ajili ya kioo kimoja cha kujitazamia, chenye kona iliyovunjika, alichokuwa akikisimamisha mbele ya kila mashine anayoitengeneza ili aone picha huku mikono yake iko nyuma. Kioo hicho anacho mpaka leo. Kinaning'inia ukutani katika chumba chake cha kazi, na siku hizi hakina cha kuonyesha zaidi ya mzee mwenyewe akinywa chai.

Chumba ni kidogo, cha mlango mmoja wa mbao, na rafu zake zimejaa televisheni zenye makalio makubwa ambazo wenyewe waliahidi kuzirudia, kisha wakanunua zile nyembamba za kubandika ukutani. Nyembamba yeye hazigusi. Anasema hazina mgongo, na kitu kisicho na mgongo hakitengenezeki. Ni maneno ya mtu aliyepitwa na wakati, lakini mwachie, maana hana mengine. Mkewe alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita, na watoto hawakujaliwa. Anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa kumi na moja jioni, na katikati hapo anasubiri mtu mwenye redio mbovu.

Upande wa pili wa ukuta, ambao ni wa mbao tupu, yuko fundi simu, mwanamke mchangamfu aitwaye Mama Mapacha. Wanasalimiana asubuhi, wanaagana jioni. Mama Mapacha humpa magazeti ya juzi, na yeye humwazima bisibisi ndogo ambazo hazirudishwi mpaka aziombe. Basi, huo ndio ukoo wake wote aliobakiwa nao hapo mjini.

Asubuhi moja, chai ikiwa bado ya moto, Fundi Vioo alisikia kitu kupitia ule ukuta. Noti tatu za muziki zilizopanda, na ya nne ikashuka kama mtu anayekaa kitini baada ya safari. Wimbo huo aliujua. Aliweka kikombe chini, akakikosa kigoda, chai ikamwagika yote. Hakuitazama. Alitoka akaenda upande wa pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kubisha kwanza.

"Binti, umekipata wapi hicho?"

Mama Mapacha aliinua kichwa. Mkononi alikuwa na simu ya mteja aliyotoka kuibadilisha kioo, na alikuwa akiijaribu kwa kufungua chochote alichokikuta humo.

"Kimchezo tu, mzee wangu. Nilitaka kuona kama kioo kinaitikia vidole. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nionyeshe."

Alimgeuzia simu. Palikuwa na ndege ndogo yenye pua mfano wa mdomo wa bata, ikiruka juu ya maji, na samaki wa chuma walichomoza kutoka majini kuishambulia. Ndege hiyo aliijua. Lakini si ndege iliyomfanya ashike ukingo wa meza. Bahari ilikuwa nyekundu. Samaki walipopigwa walilipuka kwa moto wa buluu, na visiwa vilivyopita chini vilikuwa kijani kibichi. Rangi hizo, kwa mpangilio huo, zilipata kuwepo mahali pamoja tu duniani, ndani ya kabati moja, nalo kabati hilo lilishageuzwa banda la kuku tangu miaka mingi.

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Zamani, kabla simu hazijajua michezo, karibu na stendi ya mabasi palikuwa na ukumbi wa mashine za kuchezea. Mashine zilikuwa kumi na nne, kila moja kabati refu lenye kioo, fimbo na tundu la sarafu. Mwenye ukumbi alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyejua hata kubadilisha fyuzi, kwa hiyo Fundi Vioo ndiye aliyekuwa mganga wa mashine zote. Ile ya kumi na nne ililetwa ikiwa maiti. Kioo chake kilikuwa kimeungua, na maandishi yake ya kigeni hapakuwa na wa kuyasoma. Hata huko zilikotengenezwa, mashine za aina hiyo zilikuwa chache, na kampuni yake ikafa mapema. Hakuna mtu hapo mjini aliyepata kuiona ikiwaka.

Fundi Vioo alitoa kioo katika mashine nyingine iliyokufa, akakipachika. Nyaya za rangi zilikuwa tatu, panya walikuwa wamezitafuna maganda, na mchoro wa kumwongoza haukuwepo. Wa kijani aliujua kwa kuwa ulikuwa katikati. Mbili zilizobaki aliziunga kwa kukisia, huku moyo ukimwambia ni sawa. Alipowasha, bahari ilikuja nyekundu na moto ukaja buluu, na watu wakapiga makofi. Siku ile ile mchezo ukapata jina, Bahari ya Damu. Mwenye ukumbi aliliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, na wachezaji wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali kuja kuona maji mekundu.

Sasa, katika kazi ile palikuwa na kitu walichokiita saa ya kuchemsha. Mashine ikishatengenezwa haikabidhiwi papo hapo. Ugonjwa wa mashine una hila, hujificha vyuma vikiwa baridi, kisha hurudi vikipata moto. Kwa hiyo mtu hukaa mbele akaicheza saa nzima bila kupumzika, naye fundi huwa nyuma, mikono kwenye nyaya, macho kwenye kioo cha kujitazamia. Sharti lilikuwa moja. Anayecheza asiwe yule aliyetengeneza, kwa sababu fundi huipendelea kazi yake, na ugonjwa ukichungulia atajitia hamnazo. Saa ikiisha, aliyekaa hutoa ripoti.

Mkaaji wake alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Dada alifariki binti akiwa na miaka sita, na Fundi Vioo na mkewe wakamchukua, wakamlea kama wa kumzaa. Alikuwa mtoto wa maneno machache na mkono mwepesi mno, kiasi kwamba watu wa ukumbini walimwita Kidole. Kila alasiri akitoka shule alikuja akakaa mbele ya mashine iliyotengenezwa siku hiyo. Mjomba mtu, kutoka nyuma, hakuwahi kuuona uso wake akicheza. Alichokiona katika kioo ni kisogo chake, chenye mistari minne ya nywele alizosukwa na mkaza mjomba wake, na mbele ya kisogo hicho ile bahari nyekundu. Saa ikitimia, kisogo kilikuwa kinageuka na kusema, "Saa imeisha, Mjomba. Ugonjwa haujarudi." Au siku nyingine, "Umerudi, Mjomba, dakika ya arobaini." Hakuwahi kudanganya hata dakika moja. Ndiyo sababu fundi alimtegemea, na ndiyo sababu yaliyofuata yalikuwa mabaya.

Jumamosi moja ukumbi ulikuwa ukipigwa deki, na mashine zikavutwa kutoka ukutani. Ubavuni mwa ile ya kumi na nne palikuwa na picha iliyochorwa kiwandani. Upande wa dirishani jua lilikuwa limeila picha mpaka ikabaki nyeupe. Upande ulioegemea ukuta ulikuwa mzima. Kidole alichuchumaa, akautazama sana, kisha akasema kwa sauti ile ile ya kutolea ripoti:

"Mjomba, nyaya umezibadilisha. Bahari ni buluu. Moto ndio mwekundu. Njoo uone."

Mwenye ukumbi alikuwepo. Wachezaji kama ishirini walikuwepo, wamesimama mlangoni wakisubiri sakafu ikauke. Fundi Vioo alihisi masikio yake yakiwaka. Angeweza kusogea hatua nne akatazama, na kisa hiki kisingekuwepo. Hakusogea.

"Hapa fundi ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Mjomba."

"Bahari ni rangi gani?"

"Buluu."

Alimwuliza tena, akajibiwa vile vile. Hapo alimshika bega, akamsimamisha juu ya kiti mbele ya watu wote, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akamwambia awaeleze wateja kwamba amekosea. Kidole alimtazama. Halafu akasema, "Nimekosea. Bahari ni nyekundu." Watu walicheka, wala si kwa ubaya, walicheka jinsi watu wazima wanavyochekea watoto, na deki ikaendelea.

Mchana, ukumbi ulipofungwa kwa chakula, Fundi Vioo alibaki peke yake. Aliivuta mashine, akachuchumaa pale pale alipochuchumaa mpwa wake. Bahari ilikuwa buluu, buluu ya kukolea, isiyo na ubishi. Alikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Kuzirudisha nyaya mbili zile ni kazi ya dakika tano, lakini kuzirudisha ni kuwaambia watu ishirini kwamba mtoto alisema kweli na yeye alimsimamisha kitini bure. Na ule ubao wa nje, je? Na lile jina? Basi akainuka, akatafuta kopo la rangi nyeusi, akaupaka ule ubavu wote kuanzia juu mpaka chini. Mwenye ukumbi alipouliza, akaambiwa ni dawa ya mchwa.

Jioni nyumbani, Kidole alikuwa akiosha vyombo. Aliviona vidole vya mjomba wake, vyeusi mpaka kwenye kucha. Akamtazama usoni, kisha akarudi kwenye vyombo vyake. Tangu siku hiyo hakukaa tena saa ya kuchemsha. Kila akiitwa alisema ana kazi ya shule, na kwa kweli alikuwa nayo, maana aliisoma hiyo shule kama mtu anayekimbia mvua. Akaenda shule ya mbali, halafu chuo cha mbali zaidi, halafu nje ya nchi. Barua zikapungua, zikawa kadi, kadi zikakoma. Mkewe Fundi Vioo alipofariki ulikuja ujumbe mmoja kwenye simu: "Pole, Mjomba. Alinilea." Aliusoma mara nyingi. Hakuandika "mlinilea."

Baadaye simu hiyo iliibwa, na namba ikaenda nayo. Alipenda kusema hivyo, kwamba mwizi ndiye aliyemkatia mawasiliano na mpwa wake. Mwizi alichukua simu tu. Miaka kumi ya kukaa kimya bila kumtafuta mtoto haikuwa kazi ya mwizi.

Turudi kwa Mama Mapacha. Mzee alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Huu mchezo umetoka lini?"

Mama Mapacha alipekua. "Mwezi uliopita. Wanasema ni sehemu ya pili ya mchezo wa zamani sana, ule wa kwanza haujulikani na wengi. Watu wanashangaa nani alikumbuka kuutolea mwendelezo." Akacheka kidogo. "Na wanalalamika. Wachache wanaoujua ule wa kwanza wanasema bahari yake ilikuwa buluu. Wanauliza mbona hii ni nyekundu."

"Wamejibiwaje?"

"Subiri nisome. Waliotengeneza ni watu watatu. Wanasema... mwenzetu mmoja alikulia kwenye ukumbi wenye mashine ya mchezo huu, na huko kwao bahari ilikuwa nyekundu. Tulibishana naye mwaka mzima. Amekataa katakata kuibadilisha." Alisogeza kidole chake juu ya kioo. "Na huyo mwenzao jina analotumia ni la kwetu kabisa. Kidole."

Fundi Vioo alikohoa, kikohozi kisicho na mafua.

"Mzee, unamjua?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Miaka yote hii sijakusikia ukimtaja."

"Hukuniuliza," alisema, na hata yeye alisikia jinsi jibu lilivyokuwa baya.

Siku mbili hakufanya kazi ya maana. Mama Mapacha alimwekea ule mchezo kwenye simu kuukuu iliyokosa mwenyewe, akamwachia. Akaujaribu. Samaki wa kwanza kabisa akamuua. Akajaribu tena, samaki yule yule akamuua kwa namna ile ile. Alikuwa ameitengeneza mashine ile mara ishirini na kitu na hakujua hata kitufe cha kurukia ni kipi. Lakini kilichomtafuna si samaki. Ni ile bahari. Kwa nini Kidole ameiacha nyekundu? Kuna saa alijiambia ni heshima, mtoto amemkumbuka mlezi wake, akavimba kichwa kidogo. Halafu dakika hiyo hiyo alimwona juu ya kiti, akaisikia ile sauti, nimekosea, bahari ni nyekundu, na akajua kwamba inaweza kuwa ni kofi ambalo limesafiri miaka yote hiyo likitafuta shavu lake. Alitaka kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Zaidi ya kujua, alitaka mtoto amwite Mjomba kwa mara nyingine kabla hajafa, na hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote kilichobaki.

Siku ya tatu alikwenda kwa jirani, akamwomba amwandikie kwenye sehemu ya maoni. Akasema, naye Mama Mapacha akaandika: "Mimi ndiye fundi wa mashine ile. Waya wa nyekundu na wa buluu zilibadilishana. Vifaa vilikuwa shida, na mimi sikujua. Bahari ilikuwa buluu. Hongereni kwa kazi nzuri. Mjomba."

"Umesema vizuri," Mama Mapacha alimwambia.

Fundi Vioo aliitikia kwa kichwa, ila alirudi kwake akiwa hana raha. Alijua ni neno gani humo ndani lilikuwa bovu. Alijua tangu lilipomtoka mdomoni.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mama Mapacha hakumwita, alikuja nalo mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili. Lilikuwa la mstari mmoja:

"Mjomba. Ulijua lini?"

Neno alilolitaka alikuwa amelipata, liko mwanzo kabisa, na nukta baada yake. Alilitazama kwa furaha ambayo haikudumu hata nusu dakika, maana lile swali lilikuwa limekaa pale pale chini yake, linasubiri.

"Mbona swali rahisi," Mama Mapacha alisema. "Si umeshasema hukujua? Mwambie umejua sasa hivi, ulipoona huu mchezo. Nimwandikie?"

"Acha kwanza."

"Mzee, mtoto amekujibu. Usimwache hewani."

"Nimesema acha kwanza, binti yangu."

Alikaa na swali lile wiki nzima. Usimdhanie ni mtu mbaya. Ni mtu aliyesema uongo mmoja mbele ya watu ishirini, kisha akaulinda mpaka ukamzeekea mkononi. Jibu la uongo lilikuwa tayari, laini, na Mama Mapacha amelishona vizuri: nimejua mwezi huu. Nani angebisha? Mwenye ukumbi alishakufa. Kabati lilikuwa banda la kuku, na baada ya banda, kuni. Ule ubavu uliopakwa rangi nyeusi uliungua na kupikia chakula cha mtu, na hakuna shahidi aliyebaki.

Isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyeuliza. Aliviona vile vidole juu ya sinia la vyombo. Hakuuliza ili ajue. Fundi Vioo alipolielewa hilo, alikuwa ameshika chuma cha kulehemia kilichokuwa cha moto na redio ya mtu mbele yake, akakizima akakaa tu. Mtoto alikuwa ametoa ripoti yake siku nyingi. Sasa alikuwa akiisubiri ya mjomba wake.

Jumatatu alimwomba Mama Mapacha simu, na akakataa kuandikiwa. Aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja cha shahada, akitafuta kila herufi, akikosea, akifuta. Wateja wawili walikuja wakaambiwa wasubiri. Ilimchukua karibu saa nzima kuandika haya:

"Nilijua siku ile ile. Jumamosi ile, mchana, watu walipokwenda kula. Niliivuta mashine nikaona buluu. Nikapaka rangi nyeusi ili asione mtu mwingine. Wewe uliona vidole vyangu. Hukukosea. Nilikusimamisha kitini na hukukosea. Kosa langu halikuwa la nyaya."

Mama Mapacha aliyasoma juu ya bega lake. Mzee alibonyeza, akamrudishia simu, akashukuru, akaenda kwake kufunga redio ya mtu.

Halafu kimya. Siku ya kwanza alikuwa roho juu juu, kila noti iliyopenya ule ukuta ilimwinua kitini. Ya tano alijikaza. Ya kumi aliacha kuuliza, na Mama Mapacha naye akaacha kuja kumwambia kwamba hakuna kitu. Usiku alilala vizuri kuliko alivyotegemea, lakini asubuhi, wakati wa kufungua mlango, ndipo palipouma. Alikuwa amezoea upweke wa mtu aliyesahauliwa. Huu wa mtu aliyejulikana alivyo, kisha asijibiwe, hakuuzoea, na ulikuwa mzito zaidi.

Siku ya kumi na saba, kabla ya adhuhuri, Mama Mapacha alibisha kwenye ukuta wa mbao.

"Mzee. Mchezo wako wamesasisha. Fungua hiyo simu niliyokupa."

Alifungua. Noti tatu zikapanda, ya nne ikashuka. Kisha pale palipokuwa pekundu tangu alipounga nyaya kwa kukisia, bahari ikaja buluu. Buluu ya kukolea, kama ile ya ubavuni. Samaki wa kwanza alichomoza akamuua, na ndege yake ikalipuka kwa moto mwekundu kabisa.

Mama Mapacha alikuwa amefika mlangoni, anasoma kwenye simu yake. "Wameandika waliyoyarekebisha. Yote ni lugha za watu, ila mstari mmoja ni wa kwetu. Unasema, 'Nyaya zimerudishwa. Bahari ni buluu.'"

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine." Alisita. "Jina lako hakulitaja, mzee wangu. Pole."

Fundi Vioo aliendelea kuitazama simu. Ile bahari nyekundu ilikuwa kitu pekee duniani walichobaki nacho yeye na mpwa wake, hata kama kilikuwa kibaya, na sasa kimeondoka, na aliyekiondoa ni yeye kwa kidole chake mwenyewe. Iliuma, tena iliuma sana. Lakini alikuwa fundi kabla hajawa kitu kingine chochote, na polepole kile alichokuwa akikitazama kikaanza kumwingia kichwani kama kazi. Kidole ametengeneza. Amerudisha nyaya mbili mahali pake. Na mashine ikishatengenezwa haikabidhiwi papo hapo.

Akainuka akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Alivuta kigoda akakiweka katikati ya chumba, akakaa, akikipa kisogo kile kioo chenye kona iliyovunjika.

"Unafanya nini?" Mama Mapacha aliuliza.

"Kazi," alisema. "Mteja akija mwambie arudi saa sita na nusu."

Akacheza. Samaki wa kwanza alimuua mara kumi na moja kabla hajajua kumkwepa, na wa pili akamuua mara nyingi zaidi ya hizo. Kila akifa alianza upya bila kupumzika. Simu ilipata moto viganjani, na hiyo ndiyo iliyotakiwa. Macho yalimtoka machozi, akayafuta kwa bega ili asiachie vitufe. Dakika ya arobaini, dakika ambayo ugonjwa ulipenda kurudi, aliinamia kioo akaitazama bahari kwa makini, pembe moja hadi nyingine. Ilikuwa buluu. Dakika ya hamsini ilikuwa buluu. Mama Mapacha aliondoka, akarudi, akasimama mlangoni mikono kifuani, asimsemeshe.

Saa sita na dakika kumi Fundi Vioo alisimamisha ndege. Vidole vilikuwa vimekakamaa, akavinyoosha kimoja kimoja. Kisha akafungua ile sehemu ya maoni, na kwa kidole cha shahada, akitafuta kila herufi, akaandika ripoti yake:

"Saa imeisha, Kidole. Ugonjwa haujarudi."